Kitulo leo: jamaa kang'oa ua na kiazi chake, halafu nikatukanwa mimi

Wakuu, niko Chimala nasubiri gari, matope ya Hifadhi ya Kitulo bado yako kwenye viatu. Nisipoandika sasa hivi nitapasuka.

Yule bwana mnamjua. Kila safari ya kikundi yupo, koti jekundu, spika begani. Kona zote 57 za kupanda Matamba anapiga muziki, nadhani ng'ombe wa Kitulo watakaa wiki nzima hawatoi maziwa. Nikavumilia. Tumefika uwandani, ukungu ukafunguka, maua mpaka jicho linachoka, kimya, unasikia upepo tu. Jamaa akaongeza sauti.

Nayo nikavumilia. Mara kainama, kashika ua la okidi la pinki, kaing'oa. Nzima! Viazi vyake viwili vinaning'inia na udongo, kimoja kimesinyaa, kingine kigumu, kile ambacho kingechipua mwakani. Nikamwambia kaka, hii ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na hizi okidi zilikuwa zinaisha kwa kuchimbwa zipelekwe Zambia zikawe chikanda, kile chakula cha viazi vya okidi. Akawageukia wenzake: "Huyu hana mtoto wa kulea, ndiyo maana analea maua."

Kundi zima likacheka. Mpaka dada niliyemgawia chapati zangu asubuhi!

ANALEA MAUA. Ua kaliweka kwenye chupa ya maji, kabla hatujashuka limeshalala shingo, kalitupa dirishani. Analea maua! Mtu anang'oa kitu kwenye Kitulo hii inayoitwa Bustani ya Mungu halafu mwenye kosa ni mimi nisiye na mtoto?

Kona57: Picha ya ua iko wapi? Uzi bila picha ni umbea.

Mjukuu wa Rungwe: Pole Mama Maua 😂😂

Mwanzisha uzi: Usiniite hivyo. Narudia, alisema mbele ya watu ishirini.

Kona57: Mama Maua, chapati zilibaki?

Bibi Chikanda: Sisi tumekula kinaka, ndiyo hiyo chikanda, toka utotoni, hakuna aliyekufa. Ila kung'oa ili utupe, huo ni uchizi.

Mzee wa Isyonje: Kosa lako kupitia Chimala. Ungepitia Isyonje.

Mjukuu wa Rungwe: Isyonje ipi mzee, mvua hii? Mwezi jana tumelala njiani, tumesukuma gari mpaka viatu vikabaki kwenye tope.

Mkulima Matamba: Nyie mnalilia ua. Mimi juzi dalali kaja na lumbesa, gunia lina kilemba kirefu kuliko gunia lenyewe, bei ileile ya gunia moja. Hicho ndicho kilio.

Mzee wa Isyonje: Lumbesa ilishakatazwa, kwa nini mnakubali?

Mkulima Matamba: Viazi vinaoza mzee, nimuuzie nani?

Mwanzisha uzi: Jamani, mada ni okidi.

Kona57: Mkulima, yule dalali wa kofia nyeupe? Hata kwetu Uyole alipita!