Naomba ushauri: pikipiki ya umeme kuchajia home, LUKU itanila?

Wakuu habari, niko Tabora mjini, Ipuli, napiga boda na mafuta yananimaliza, kwa siku elfu saba mpaka nane inaishia sheli. Nataka kuvuta pikipiki ya umeme niwe nachajia home usiku, betri yake inakula kama uniti 3 hivi.

Sasa kinachonitisha, mimi niko ile tarifu ndogo ya uniti 75 kwa mwezi, nikichaji kila siku hiyo betri peke yake ni 90, bado friji ya mama watoto (anauza barafu), si TANESCO watanihamishia kule kwenye tarifu ya kawaida, ya shilingi mia tatu na ushee kwa uniti? Japo hata huko naona kujaza betri haifiki 1,500.

Mliofunga mita ya pili ya kuchajia tu mlifanyaje, na mwenye nyumba alikubali?