MREJESHO: Yule keshia aliyetaka kuacha kazi

Wakuu, heshima kwenu. Mwezi wa tatu niliwaandikia kwamba nimechoka na kaunta ya supamaketi hapa Mbezi, kutwa nzima piii, piii ya skana, watu wanapita kama upepo, nikauliza kama niache nikafungue genge. Wengi mlisema nivumilie. Mmoja akaniambia niache kuangalia bidhaa, niangalie mikono.

Nilicheka. Ila nikajaribu.

Kuna babu huja karibu kila jioni: mkate mdogo, pakiti ya mtindi, basi. Hulipa kwa sarafu, anazipanga mwenyewe kaunta, mia mia, hamsini hamsini. Zamani nilikuwa namkata jicho kwa sababu ya foleni. Juzi akaleta mkate mkubwa.

"Shikamoo babu. Leo mkubwa?"

"Marahaba. Mjukuu kaja kutoka Tanga."

Huko nyuma watu wameshaanza kuguna. Babu akaipokea risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akaikunja mara nne, akaichomeka ndani ya kofia yake. Kumbe huwa anazitunza!

Mengine ni yaleyale. Hela ikipungua jioni bado nakatwa kwenye mshahara, na linaniuma. Ila pipi badala ya chenji ya hamsini sitoi tena. Asubuhi nikishuka kwenye daladala namwomba konda anivunjie elfu tano kwa sarafu.

Genge nimeliweka kando kwanza. Babu hajaonekana tangu Jumamosi, labda yeye na mjukuu wameenda Tanga.