Mliopata mapengo ya magego au meno kusagika: mlirudishaje kutafuna? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Wakuu, habari za saa hizi. Mama yangu aling'olewa magego ya chini pande zote mbili miaka mingi nyuma. Mapengo hayakuonekana akicheka, hivyo hakuna aliyeyafuatilia. Leo meno ya mbele ndiyo yanayofanya kazi yote. Yamesagika yamebaki mafupi, midomo inakunjika kwa ndani, pembe zake zina vidonda visivyokauka. Daktari kasema kuziba mapengo peke yake hakutoshi: taya zimekaribiana kupita kiasi, lazima kwanza ainue kimo ambacho meno ya juu na ya chini yanakutania. Mliopitia hili, naombeni mseme mlifanyiwa nini na sasa mnatafunaje.

Mkazi wa Usa River
Pole kwa mama. Mimi nimekulia chini ya Mlima Meru, na maji niliyokunywa utotoni yalikuwa na floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Meno yalitoka ya kahawia, na tabaka la juu likawa linabanduka kidogo kidogo. Ukubwani yakawa yamelika mpaka sehemu ya njano ya ndani, chai ya moto ikawa mateso.

Daktari hakukimbilia kuweka kofia, yaani vifuniko vya kuvalishwa meno. Alinipa kwanza kibao cha plastiki cha kuvaa juu ya meno, kimo kimeinuliwa kwa milimita chache, nikakaa nacho wiki kadhaa tuone kama misuli na maungio ya taya yatakubali. Yalipotulia ndipo akajenga meno ya mbele kwa dawa ya rangi ya jino, halafu kofia kwenye magego. Muulizeni daktari wenu kuhusu kipindi hicho cha majaribio. Kwangu ndicho kilichookoa kila kitu. Wanangu wanakunywa maji ya mvua.

Mwalimu mstaafu, Tanga
Mwanangu, mimi sina hata jino moja, navaa seti nzima ya meno ya bandia. Ya juu inashika kwa sababu inafunika kaakaa na kunata kwa mate; ya chini ina ufizi mwembamba wa kukalia, na ulimi unaisukuma. Wiki za mwanzo nilisoma gazeti kwa sauti kila asubuhi mpaka matamshi yakanyooka. Chakula kikate vipande vidogo, tafuna pande zote mbili kwa pamoja; ukielemea upande mmoja seti inanyanyuka. Ikikuchubua, rudi kwa daktari ukiwa umeivaa, alione doa jekundu. Usiikwangue kwa wembe. Usiku naivua, naiweka kwenye maji baridi.

Mfupa wa taya huendelea kupungua baada ya meno kung'oka, hivyo baada ya muda seti huongezewa plastiki kwa ndani ikae sawa. Wengi hudhani imeharibika, wanaitupa kabatini na kurudi kwenye uji. Inaniuma sana.

Fundi wa maabara ya meno
Naongezea. Jino lisilo na mwenzake wa kukutana naye husogea kulifuata pengo, na la jirani hulala. Ukichelewa, nafasi ya jino la bandia inakuwa imeliwa. Sisi hupokea vipimo vya taya zote mbili na nta ambayo mgonjwa ameuma. Nta hiyo ikikosewa, kazi yangu yote itakosea. Siku ya kuvalishwa, mama aumishwe karatasi ya rangi. Doa zito mahali pamoja maana yake jino hilo linabeba mzigo wa mengine, lipunguzwe hapo hapo. Asione haya kusema bado panagonga, hata foleni iwe ndefu.

Dada wa Kisauni
Mimi niliwekewa skrubu za titani kwenye mfupa. Ilibidi kungoja miezi mfupa ushikane na chuma ndipo nikavalishwa magego. Mbinu hii si ya jana: Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alimtibu mgonjwa wa kwanza mwaka 1965. Korosho natafuna vizuri, ila gharama ni kubwa. Kama mama ana kisukari, kidhibitiwe kwanza.

Mwanzisha mada
Ahsanteni sana, nimemsomea mama yote. Anauliza: ndugu wa Usa River, kibao ulikuwa unakivua wakati wa kula?

Mkazi wa Usa River
Hapana, nilikula nacho. Bila kukitafunia usingejua kama kimo kinafaa. Nilikivua wakati wa kupiga mswaki tu.