Tui limenikatikia mara mbili: naomba ushauri, ndizi za nazi bila sukari

MamaWawili_Tabata
Wadau wa jikoni, habari za jioni. Baba mkwe yuko kwangu tangu wiki iliyopita, amekuja kliniki, ana kisukari. Mzee akishakula usiku lazima amalizie na kitu kitamu cha moto. Kitindamlo wanaita wenyewe wa vitabuni. Kwao ni ndizi za nazi zilizoshiba sukari. Nikasema nimpikie za kwangu, bila sukari.

Jana nimeharibu mara ya pili. Nimenunua chane ya ndizi kisukari, nikamenya, nikabandika na tui lote, nikafunika, nikatoka kuanua nguo. Kurudi, ndizi zimekuwa uji, juu mafuta yanaelea, chini mabonge meupe. Mzee kala vijiko viwili: "Asante mwanangu, nimeshiba." Nimeshiba ile naijua mimi.

KijanaWaTemeke
Ndizi kisukari kwa mgonjwa wa kisukari 😂😂 Samahani dada, imenishinda kunyamaza. Zile ni za kula hivyo hivyo, moto haziuwezi. Chukua mzuzu, ndizi ya kupika. Kama hauko mbali na Mabibo, pita soko la Mahakama ya Ndizi asubuhi. Chagua lenye ganda la njano lililoanza madoa, ukilibonyeza bado linakukatalia kidogo.

BiMkubwa_Tanga
Mwanangu, tui halifunikwi, na halichemshwi likaachwa peke yake. Ndiyo maana limekatika. Ikune nazi yako, tui la kwanza liweke pembeni. Ndizi zikate vipande, zipike kwa tui la pili, lile jepesi, na iliki punje tatu ulizotwanga na kijiti cha mdalasini. Zikishalainika na tui limepungua, teremsha moto, ndipo utie lile zito. Koroga polepole, mkono usitoke, likitokota mara moja tu epua. Chumvi chembe. Chumvi ndiyo inayouita utamu, wengi hawajui.

Mpita_Njia
Atie tende tatu, utamu utakuja wenyewe.

NesiMstaafu
@Mpita_Njia tende ni sukari vilevile, acha kumponza mzee wa watu.

Dada, kutotia sukari si kwamba chakula hakina sukari. Ndizi inavyozidi kuiva, wanga wake unageuka sukari, kwa hiyo lile lililoiva likalegea muachie mumeo. Mzee nusu mzuzu inamtosha, na usiku huo wali upunguze. Tui zito nalo lina mafuta mengi, vijiko viwili basi. Mpime sukari baada ya saa mbili uone mwili wake unavyoipokea, na kesho kutwa kliniki waulize, hasa kama anachoma insulini.

Jobless_ila_Mpishi
Mimi nazi sina subira nayo. Nanasi: kata unene wa kidole, kikaango kikavu, moto wa kati, dakika nne kila upande. Usiliguseguse. Likibabuka rangi ya kahawia, nyunyiza mdalasini na korosho za kuponda. Mafuta hata tone hakuna.

MamaWawili_Tabata
MREJESHO. Nimefuata ya Bi Mkubwa neno kwa neno, vijiko viwili vya Nesi. Nimesimama jikoni mpaka mkono umekufa ganzi, lakini tui limetulia kama maziwa. Mzee kakwangua kibakuli, kisha: "Sukari umetia?" Nikamwambia hapana baba. Kanitazama kama namdanganya, akaenda kunusa sufuria. Kipimo cha sukari baada ya saa mbili: 8.6 mmol/L.

Sasa anauliza kesho kuna nini. Jobless, nanasi nalitaka, ila mzee magego hana. Nifanyeje?

Jobless_ila_Mpishi
Toa ule moyo mgumu wa katikati. Ukishalikaanga ndipo ulikatekate, punje za mahindi hivi. Na korosho zitwange ziwe unga.

BiMkubwa_Tanga
Na lile tui zito lililobaki usilimwage, mwanangu. Kesho tia kwenye mchicha.