MREJESHO: Mechi zilizohamia app mpya, mzee sasa anaona kwenye TV

Wakuu habari zenu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza humu mechi zilipotolewa kwenye kisimbuzi zikapelekwa app mpya, na smart TV ya mzee ni ya kitambo, hiyo app haipo kabisa kwenye stoo yake, sasa afanyeje aone mechi kwenye TV.

Mkuu uliyeshauri niunganishe simu na TV kwa waya wa HDMI, ahsante ila kwangu waya umegoma, type C (tundu la chaji) ya simu nyingi za bei ya chini inachaji na kupitisha mafaili tu, picha haitoi, hilo mjue kabla hamjatoa hela dukani. Kilichokubali ni Android TV box, kile kiboksi chenye stoo yake ya app, unachomeka nyuma ya TV, unaingia kwenye app na akaunti ileile, kwisha habari. Kukwamakwama kumepungua nilipohamia wifi ya 5GHz na kushusha picha toka HD hadi 480p, maana bando lilikuwa linakata kabla ya kipindi cha pili.

Kilichobaki ni kuchelewa, redio ya jirani inatangaza goli sisi bado tunaona kona inapigwa, na inaniuma kwa sababu mzee anaipenda sana ile presha. Mwenye dawa ya hilo aseme. Shukrani sana wakuu, mzee kawasalimia wote.