Gari la spoti la mtumba, kutoka Leicester hadi Dodoma

Kutoka: mdau wa Leicester

Shikamooni kaka na dada zangu. Huku nina miaka tisa sasa, na Mungu akijalia mwishoni mwa mwakani narudi nyumbani moja kwa moja. Nyumba iko Iyumbu, Dodoma, imebaki rangi na geti. Tangu niko sekondari natamani gari la spoti, na sasa nimeweka akiba kidogo. Nimeona mawili: Porsche 911 ya mwaka 2002 na Ferrari 360 ya mwaka 2001 ambayo bei yake imenishangaza kwa udogo. Najua kuna mdau alirudi Dodoma na 911. Kaka, naomba unisaidie mawazo kabla sijalipa.

Kutoka: mdau wa Ilazo, Dodoma

Marahaba mdogo wangu. Mbukwenyi wadau wote.

Nianze na tarehe, maana hapo ndipo wengi wanapoumia. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu anayehamia nyumbani kuleta gari moja bila ushuru wa forodha, kwa sharti kwamba amelimiliki mwenyewe na kulitumia huko nje kwa miezi 12 au zaidi. Siku za baharini hazihesabiwi. Gari nalo lifike ndani ya siku 90 tangu wewe kufika. Sasa piga hesabu: kama unarudi mwishoni mwa mwakani, gari liwe jina lako mapema, si miezi miwili kabla ya ndege. Tunza hati ya umiliki, bima na risiti za sevisi zenye jina lako, kwa sababu ndizo ushahidi kwamba ulilitumia. Mimi nilibeba bahasha nzima mkononi, sikuipakia kwenye kontena.

Ukikosa msamaha huo, jiandae. TRA, yaani mamlaka ya mapato, hawaangalii risiti yako ya kununulia, wana mfumo wao wa thamani za magari yaliyotumika, na unaweza kuingia mtandaoni leo hii ukaangalia. Chukua mfano wa thamani ya milioni 20. Ushuru wa forodha ni 25%, milioni 5. Juu ya jumla hiyo, milioni 25, unakuja ushuru wa bidhaa, 10% kwa injini inayozidi cc 2000, milioni 2.5. Kisha VAT 18% ya milioni 27.5, karibu milioni 5. Hapo umeshafika milioni 12 na nusu, na sijagusa kodi ya uchakavu, ambayo kwa gari la zaidi ya miaka 10 ni nzito, wala ada za bandari na wakala.

Ferrari iache. Nakwambia kwa upendo. Ile 360 inatumia mkanda wa taimingi unaobadilishwa kwa miaka, hata kama gari halijatembea, na mkanda ukikatika injini imekwenda. Ikiwa ni ile yenye giaboksi ya F1, isiyo na pedali ya klachi, klachi yake inaliwa na foleni na kurudi nyuma kwenye mlima, na ukiweka mpya inatakiwa kompyuta maalumu ya kuipangia. Bei ndogo uliyoiona, mara nyingi maana yake ni kwamba mwenye gari amepiga hesabu ya sevisi inayofuata akaamua mwingine ndiye ailipie.

Kwa 911 tuzungumze. Ya 2002 ina injini ya lita 3.6 inayopozwa kwa maji, kizazi wanachokiita 996. Utasikia sana habari ya beringi ya IMS, ile ya shafti ya kati ndani ya injini. Ni kweli, ikifa inaua injini. Muulize muuzaji kama imebadilishwa na aonyeshe risiti. Kama haijabadilishwa, fanya kazi hiyo pamoja na klachi, maana giaboksi inashushwa mara moja kwa zote mbili, na ifanyike hukohuko Uingereza. Ukibadilisha oili, kata filta uitazame kwenye mwanga. Ukiona vumbi la chuma linalometa, usiliwashe tena. Vilevile kwa injini hiyo ya 3.6 mwombe fundi aingize kamera kupitia matundu ya plagi atazame kuta za silinda kama zimekwaruzika.

Lakini lililonipata mimi si IMS, na ndilo ninalotaka ulishike. Gari langu lilikaa Leicestershire miaka minne bila sindano ya joto kusogea. Oktoba yangu ya kwanza hapa, natoka Dar, napandisha kuelekea Gairo saa nane mchana, sindano ikaanza kutambaa. Nikazima kiyoyozi, nikafungua vioo, nikaegesha chini ya mbuyu. Fundi aliposhusha bampa la mbele tukakuta kati ya kondensa ya kiyoyozi na radieta pamejaa majani ya Uingereza yaliyooza, na juu yake vumbi letu na nyasi kavu. Rezista ya feni ya kushoto ilikuwa imekatika, kwa hiyo ile spidi ndogo ya feni haikuwepo kabisa. Ugonjwa huo nilikuwa nao tangu Leicester. Baridi ya kule iliuficha.

Kwa hiyo unapokwenda kuliona, usikimbilie kulisikiliza likinguruma. Liwashe, washa kiyoyozi, zunguka mbele, uiname kwenye tundu la kushoto kisha la kulia. Feni zote mbili zinatakiwa zizunguke taratibu. Mulika ndani kwa tochi uone kama radieta zimeliwa. Kisha liache lingurume dakika 20 hapohapo lilipo, bila kusogea. Kagua tenki la maji kama lina ufa, na uliza pampu ya maji ilibadilishwa lini, kwa sababu pangaboi lake ni la plastiki na huvunjika vipande. Muuzaji atakuona mtu wa ajabu. Mwache.

Uzuri wa huko ni kwamba historia ya MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, inaonekana bure mtandaoni kwa namba ya gari, hadi 2005 huko nyuma. Soma maonyo yote, si kufaulu tu. Ukiona miaka mitatu mfululizo wameandika kutu kwenye mabomba ya breki, ni chumvi ya barabarani, na mwenyewe hakujali.

Kutoka: mdau wa Nagoya

Naongeza kidogo kwa wale wa huku Japani, maana na sisi tunaendesha kushoto na magari haya yapo mengi. Usinunue kwa picha. Omba karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari, na utafute mtu wa kukusomea Kijapani kilichoandikwa kwa mkono, kwani siri ziko pale. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri. Ukiona R au RA, gari limewahi kupata ajali likatengenezwa. XX kwenye mchoro ni kipande kilichobadilishwa. Na kilomita chache zisikudanganye: gari lililolala gereji miaka kumi, mipira na sili zake zimekauka.

Kutoka: dada, Reading

Kaka wa Ilazo, ahsante. Mimi nauliza swali la mama mwenye nyumba: hapo Dodoma nani analitengeneza, na linapitaje mtaani? Mume wangu ana ndoto hiyohiyo, na barabara yetu ya Nzuguni naijua mwenyewe.

Kutoka: mdau wa Ilazo, Dodoma

Dada yangu, umegusa penyewe.

Fundi nimempata hapahapa, kijana makini wa umeme wa magari, kwa breki, bushi, mabomba na sensa hana tatizo. Nilimnunulia mashine ya kusoma makosa ya Porsche, inakaa kwangu. Mara moja nilipeleka gereji moja ya Dar, wakaweka jeki mahali pasipo na nguvu, na wakajaza maji ya bomba badala ya kuleni, yale maji maalumu ya radieta. Tangu hapo nakaa na gari langu likitengenezwa, hata kama ni siku nzima. Oili inaingia lita 8 hivi, na vilainishi, filta, plagi na pedi za breki nilivileta kwenye kontena vya miaka miwili. Matairi ni shida ya kweli: nyuma 265/35 inchi 18, mbele 225/40, na hapa mjini huyakuti dukani. Nina mawili ya akiba yamelazwa kivulini. Tazama tarakimu nne ubavuni mwa tairi, zinakwambia wiki na mwaka lilipotengenezwa. Jua la Dodoma linapasua mpira hata usipotembea.

Filta ya hewa naitoa kila mwezi kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza. Ule upepo wa Julai na Agosti unaleta vumbi hadi ndani ya kabati, sembuse injini.

Barabara kuu siyo tatizo. Kilomita 450 hivi za kwenda Dar ni lami, na gari linakwenda raha. Tabu ni matuta ya vijijini, Kibaigwa na kuendelea, ambayo napita kwa mshazari, gurudumu moja moja, na wenye malori nyuma wananivumilia. Vibao vya 50 viheshimu, tochi za trafiki zipo, na watoto wanavuka. Bima kubwa chukua, na mkubaliane thamani kwa maandishi kabla ya kulipa.

Kinachoamua yote ni pale lami inapoishia hadi getini kwako. Kwangu ni mita 300. Greda likipita Novemba, nafurahi, mvua ya Januari ikishuka, korongo linarudi palepale. Miezi hiyo 911 inalala, imeunganishwa na chaja ya kutunza betri, na naenda kazini kwa pikapu. Nyaya nazikagua kila wiki kwa ajili ya panya. Hilo nililikubali tangu mwanzo na mke wangu: gari hili ni la miezi saba.

Kwa bajeti, mdogo wangu, weka pembeni theluthi ya bei ya kununulia kwa mwaka wa kwanza. Kama ukiitoa hiyo hubaki na kitu, subiri, au tafuta Porsche Boxster ya wakati huohuo. Bei yake ni ya chini, ila ukaguzi wa IMS na radieta ni uleule.

Wiki hii mtume ndugu yako Iyumbu na futi. Apime kina cha korongo kwenye kona ya mwisho kabla ya geti, na urefu wa kizingiti cha geti lenyewe. Wewe huko pima kutoka ardhini hadi chini ya bampa la hiyo 911. Niletee namba zote tatu, ndipo tuzungumze bei.