Mchezaji wa tenisi wa daraja la chini huchaguaje mashindano?

Swali: Ndugu zangu, mpwa wangu, ambaye hufanya mazoezi hapa Raskazone, Tanga, kila alfajiri kwa raketi ambayo mpini wake tumeufunga utepe mpya mara tatu, anataka kuingia tenisi ya kulipwa. Asiye na pointi za orodha ya ubora wa wachezaji duniani huanzia wapi?

Jibu la kwanza: Dada, aanzie M15, ngazi ya chini kabisa ya mashindano ya kulipwa ya wanaume ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ambako bingwa hupata pointi 15 na anayetolewa raundi ya kwanza hapati hata moja. Kwa maoni yangu, nauli huamua kuliko zawadi. Ndiyo maana wengi hupiga kambi Monastir, Tunisia, ambako mashindano hufuatana wiki baada ya wiki, na aliyetolewa Jumanne husubiri ya wiki ijayo papo hapo bila kukata tiketi nyingine.

Jibu la pili: Ni kweli, kaka, ila aangalie na uwanja, kwani aliyezoea saruji hutaabika kwenye udongo. Nairobi nako, ambako mashindano ya ngazi hiyo yamewahi kufanyika, mpira hupaa zaidi kwa sababu ya mwinuko, lakini kutoka Tanga anafika kwa basi.

Muulizaji: Nashukuru sana. Nitaanza kumwekea akiba ya nauli.